Glavu Hazina Kosa

"Anayecheza hospitali chumbani kwake apelekwe hospitali ya kweli," alisema Dokta, na baraza zima likacheka. Nami nilicheka. Ilikuwa jioni, kahawa imeshamiminwa mara ya pili, na mazungumzo yalianzia kwenye video iliyokuwa ikirushwa simu kwa simu: mume na mke, watu wazima, wa nchi ya mbali, mmoja kavaa koti jeupe na mwingine kalala chali, wakicheza daktari na mgonjwa, mchezo ambao mwisho wake haukuwa wa kuandikiwa panadol. Dokta ni mstaafu mwenye heshima zake. Nilifanya naye kazi wodi moja miaka kadhaa, na mpaka leo ananiita Sista ingawa kofia ya unesi niliivua zamani. Alipomaliza kucheka akatoa hukumu kwa vipande vitatu: kwanza huo ni ugonjwa wa akili, pili ni ukatili uliovishwa nguo ya mapenzi, tatu ni tusi kwa taaluma ya tiba.

Hakuna aliyebisha. Wala hakuna aliyeuliza kama wale wawili walitaka video yao itufikie sisi, kwenye baraza letu, na vijukuu wakipita na vikombe. Katika kisa kile chote, jambo moja tu nililokuwa na hakika kwamba halikuombewa ruhusa ni hilo la kusambazwa, na tulilifanya sisi. Nilikwenda kulala nikiwa na hasira, zaidi na nafsi yangu kwa kunyamaza. Ndiyo maana naandika.

Nianze kwa kueleza kinacholaumiwa, kwa sababu wengi wanaolaani wanalaani picha waliyojichorea wenyewe. Watu wazima wawili wanakubaliana, kabla, kwamba kwa muda fulani mmoja atakuwa daktari au nesi na mwingine atakuwa mgonjwa. Kuna koti, kuna glavu, kuna stetoskopu, pengine na pazia la kuning'iniza. Mmoja anaamuru: lala, fungua mdomo, usitikisike. Mwingine anatii. Utamu wake, kwa wanaouona utamu, uko kwenye ile hofu ndogo na ile haya ndogo ya kuwa chini ya mkono wa mtu anayejifanya kuujua mwili wako kuliko wewe. Wapo wanaoishia kwenye mavazi na maneno. Wapo wanaoongeza kufungwa mikono au maumivu. Ni tawi la familia pana inayojulikana duniani kwa herufi BDSM: kufungana, kutawala na kutii, kutia maumivu na kuyapokea.

Kisichoonekana kwenye video yoyote ni kinachofanyika kabla. Watu hawa hukaa wakazungumza. Nini ruhusa, nini mwiko. Una mzio wa mpira wa glavu? Una presha? Goti lipi linauma? Kisha huchaguliwa neno la kusimamisha. Haliwi "acha" wala "hapana," kwa kuwa hayo mgonjwa wa kuigiza anaweza kuyasema akiwa ndani ya mchezo. Huwa neno ambalo haliwezi kuponyoka kwa bahati mbaya. Wengi huazima taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu basi. Ikitajwa nyekundu, koti linavuliwa.

Haya sikuyasoma tu. Shoga yangu niliyesoma naye chuo cha unesi anaishi Uingereza na mumewe, sasa ni zaidi ya miaka ishirini. Nilipomtembelea tulikuwa jikoni tunamenya viazi, akaniambia kama mtu anayetaja kwamba amebadilisha dawa ya meno. Kisu changu kikasimama.

"Shoga, usinitazame hivyo," alisema. "Wewe hujawahi kuogopa kitanda kile chenye vyuma vya kuwekea miguu?"

"Nimeogopa."

"Basi. Mimi nakiogopa mpaka leo. Ila kwangu nikisema subiri, mtu anasubiri."

Nikamuuliza kama ndiyo tiba yake. Akacheka. "Si dawa, mwenzangu. Ni mchezo. Usinifungulie faili."

Sasa nirudi kwa Dokta na hukumu yake ya kwanza. Neno "ugonjwa" lina historia, na historia hiyo ina mwandishi. Mwaka 1886 Richard von Krafft-Ebing, daktari wa magonjwa ya akili wa Austria, alichapisha kitabu chake Psychopathia Sexualis, akaorodhesha matamanio ya watu kama mtu anayeorodhesha wadudu. Majina mawili yaliyodumu kutoka matoleo yake ya baadaye aliyachukua kwa waandishi wa riwaya: usadisti kutoka kwa Marquis de Sade, umasokisti kutoka kwa Leopold von Sacher-Masoch, ambaye wakati ule alikuwa bado hai. Lakini mifano yake mingi aliipata wapi? Kwa wagonjwa wa akili na kwa watu waliofikishwa mahakamani. Ni sawa na mtu aketi mlangoni mwa wodi ya mifupa, aangalie majeruhi wa bodaboda wakiingizwa, kisha aandike kitabu kwamba kila anayepanda bodaboda ana mguu uliovunjika. Abiria waliofika salama hawakupita mlangoni kwake.

Kitabu kile kilizaa vitabu, vitabu vikazaa orodha, na orodha ndizo tulizokaririshwa vyuoni. Dokta anazikumbuka vizuri. Asichofuatilia ni kwamba orodha zenyewe zimebadilika. Denmark iliondoa usadisti-umasokisti kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1995, Sweden ikafuata 2009. Wataalamu wa akili wa Marekani, katika toleo la tano la mwongozo wao la mwaka 2013, walitenganisha tamanio lisilo la kawaida na ugonjwa: haliwi ugonjwa mpaka limtese mwenyewe, au limdhuru asiyeridhia. Kisha Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, likaufuta kabisa usadisti-umasokisti wa watu wanaokubaliana. Likabakiza usadisti wa kulazimisha. Yaani waliokaa kuipitia upya orodha hawakuangalia kamba, wala koti, wala kiboko. Waliangalia kama mtu wa pili amekubali.

Mtu anaweza kusema wazungu wanabadilisha mawazo kila msimu. Sawa, lakini basi na lile wazo la 1886 lilikuwa la mzungu, tena mmoja, na tumelishikilia kuliko wenyewe.

Hukumu ya pili ndiyo nzito. Wengi wenye akili timamu husimama hapo, na nisingependa kuwapita mbio. Wanasema: mtu hawezi kuridhia kuumizwa, akisema ameridhia, ama amelazimishwa ama hajui asemalo. Hoja hii ilipata muhuri mkubwa kabisa nchini Uingereza. Mwaka 1987 polisi wa Manchester walipata mkanda wa video wenye wanaume wakitesana, kwa macho ya mtazamaji, kwa namna ya kutisha. Uchunguzi uliofuata uliitwa Spanner. Waliokuwa kwenye mkanda walikuwa watu wazima, kwa hiari yao, faraghani. Hakuna aliyelalamika polisi. Majaji wenyewe waliandika kwamba kulikuwa na neno la kusimamisha, kwamba hakuna aliyepata maambukizi, wala jeraha la kudumu, wala aliyehitaji matibabu. Hata hivyo walishtakiwa kwa kujeruhi, na hakimu aliposema ridhaa si utetezi, wanaume kumi na sita wakakiri mwaka 1990. Baadhi wakaenda jela. Rufaa ilifika Baraza la Mabwana, na Machi 1993, majaji watatu kwa wawili, wakashindwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg nayo, Februari 1997, ikasema Uingereza haikukosea.

Nimeisoma hukumu ile ya Mabwana zaidi ya mara moja, na kila mara nakwama palepale. Majaji walikiri kwamba kuna maumivu yanayoruhusiwa: ndondi, kuchora tattoo, kutoboa masikio, upasuaji. Ndondi! Mtu anapanda ulingoni, watu wamelipa kiingilio, lengo lililotangazwa ni kumpiga mwenzake kichwani mpaka ubongo utikisike azimie, na mwamuzi anahesabu mpaka kumi. Hiyo ni halali, na mshindi anavishwa mkanda. Lakini mwanamume anayemwomba mwenzake amfinye kwa kibanio ndani ya chumba kilichofungwa ni mhalifu, na aliyefinywa naye ni msaidizi wa uhalifu aliofanyiwa mwenyewe. Jaji Mustill, mmoja wa wawili waliopinga, aliona kwamba kesi ile ilihusu mapenzi ya faragha ya watu, na kwamba sheria ya kujeruhi ilikuwa imeletwa mahali pasipo pake. Mimi si mwanasheria, lakini nimeshona vidonda vingi vya ngumi, na sijawahi kuona kidonda kinachotofautiana na kingine kwa sababu mmoja alikuwa na mashabiki.

Miaka mitatu baada ya hukumu hiyo ya Mabwana, 1996, ikaja kesi ya Wilson. Mume alikuwa amemwandika mkewe herufi za jina lake kwenye makalio kwa kisu kilichopashwa moto, kwa ombi la mke mwenyewe. Daktari aliziona alama, polisi wakajulishwa, mume akatiwa hatiani. Mahakama ya Rufani ikamwachia: mambo ya mume na mke ndani ya nyumba yao, ikasema, hayafai kuwa kazi ya polisi. Kisu cha moto hicho. Sasa linganisha kovu la kisu cha moto na yale ya Spanner ambayo hayakuacha jeraha la kudumu, uniambie kama kilichopimwa kilikuwa maumivu, au kama ni nani alikuwa amelala na nani.

Lakini sikuileta Uingereza ili tuicheke. Niliileta kwa sababu tunafanya vilevile: tunatazama vifaa na kusahau kuuliza swali. Na hapa inabidi niseme lile jambo ambalo Dokta analijua kuliko mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimepangwa leba katika hospitali moja ya mkoa. Mama mmoja, mimba ya kwanza, alikuwa kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Wakaja wanafunzi wa udaktari na mwalimu wao kumpima njia. Hakuna aliyemsalimu. Mwalimu alipima, akataja sentimita, akasogea, akasema, "Haya, mmoja mmoja." Nilihesabu saba. Wa tatu alichelewesha mkono akitafuta alichoambiwa atakikuta, na mama akavuta khanga akajifunika uso. Khanga ilikuwa imegeuka juu chini, nami nikashika kuyasoma maandishi yake kinyumenyume ili nisitazame kwingine. Wa saba alipotoa mkono, mwalimu alisema, "Mmeona?" Wakaitikia wote. Mama hakuulizwa kitu, kabla wala baada. Nilibadilisha shuka, na sikumuuliza hata mimi.

Glavu zilikuwa safi. Koti lilikuwa jeupe. Kila aliyekuwa pale alikuwa na kitambulisho. Kama kuna chumba ambacho ukatili ulivishwa nguo nyingine, ni kile.

Msidhani ni ushamba wetu. Huko Marekani wanawake waliolazwa nusukaputi kwa upasuaji wamekuwa wakipimwa nyonga na wanafunzi wakiwa hawajui lolote. California ilipiga marufuku mwaka 2003. Ilipofika Aprili 2024 serikali ya shirikisho ilikuwa bado inaziandikia hospitali kuzikumbusha kwamba ni lazima mgonjwa akubali kwanza. Na hapa jirani, Februari 2015, polisi waliwakamata wanaume wawili Ukunda, pwani ya Kenya, wakiwashuku ushoga. Walipelekwa hospitali Mombasa, wakapimwa sehemu ya haja kubwa, uchunguzi usiothibitisha chochote kitabibu. Juni 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona kosa. Chama cha Madaktari Kenya kikaukemea uchunguzi wa namna hiyo mwaka 2017, na Oktoba mwaka huohuo Chama cha Madaktari Duniani kikapitisha azimio la kuukataa. Ndipo Machi 2018 Mahakama ya Rufani ikasema ulikuwa kinyume cha katiba. Sikumbuki baraza letu likiwaka kwa hasira mwezi ule. Tuliwaka kwa video.

Kuna jaribio maarufu ambalo kila nesi angepaswa kufundishwa kabla ya kufundishwa kutoa sindano. Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram aliwaita watu wa kawaida, akawaambia wanasaidia utafiti wa kumbukumbu. Walitakiwa kubonyeza swichi za umeme kumwadhibu mtu wa chumba cha pili kila alipokosea jibu, volti zikipanda mpaka 450. Yule wa chumba cha pili alikuwa anaigiza, umeme haukuwapo. Baadaye aligonga ukuta, kisha akawa kimya. Msimamizi, kwa koti lake la kijivu la maabara, alisema tu: tafadhali endelea. Katika jaribio la kwanza watu 26 kati ya 40 walifika mwisho wa swichi. Hakuna aliyewafunga kamba.

Koti lina nguvu hiyo. Wanaocheza daktari na mgonjwa wanaijua nguvu hiyo, na ndiyo hasa wanayoichezea. Tofauti ni kwamba wao wameifungia breki. Kule Yale mmoja alikuwa hajui kwamba ni maigizo na hakuna aliyempa neno la kusimamisha. Aliyetaka kuacha ilibidi agombane na koti. Nani kati ya hawa alistahili kupelekwa hospitali ya kweli, Dokta?

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu limo kwenye magazeti: wapo wanaume wanaoua wake na wapenzi wao kisha wakasimama kizimbani kusema tulikuwa tunacheza, mwenyewe alitaka. Wapo kweli. Marehemu hawezi kuitwa kutoa ushahidi. Uingereza na Wales ziliandika mwaka 2021, katika sheria ya unyanyasaji wa majumbani, kwamba madhara makubwa hayatetewi kwa kusema yalikuwa ya kustareheshana. Shabaha ya sheria ile naiunga mkono kwa mikono miwili. Anayemkaba mtu koo hadi akapoteza kauli amemnyang'anya neno la kusimamisha, kwa hiyo mchezo uliishia pale alipoanza kukaba. Mwongo kusema "alikubali" hakuifanyi ridhaa yenyewe kuwa uongo, kama ambavyo hati za kughushi hazijatufanya tuache kuuziana viwanja. Kunatufanya tuulize zaidi. Aliulizwa? Angeweza kusema hapana bila kupigwa, kufukuzwa au kunyimwa matumizi ya nyumbani? Aliposema, alisikilizwa? Mke anayechezeshwa kwa sababu akikataa hatapewa pesa ya mboga hachezi, hata kama chumba kimejaa mishumaa.

Na kama nesi nina ya kwangu ya kuongeza, ambayo wenye mchezo hawatayapenda. Kukubali hakuzuii vijidudu. Mpira wa mkojo unaoingizwa na mtu aliyejifunza jana kwa video utaleta homa usiku wa kesho, umeridhia usiridhie. Sindano ni ya kutumika mara moja ikatupwa, si ya kuoshwa. Hewa kwenye mshipa haina mzaha. Dawa ya usingizi ndiyo naikataa moja kwa moja, kwa sababu aliyelala hawezi kusema nyekundu. Ukitaka kucheza upasuaji, cheza na barakoa na taa na maneno. Kisu kiache kwa aliyesomea. Wolverhampton kulikuwa na mchora tattoo aliyewakata wateja wake, kwa maombi yao: mmoja sikio, mmoja chuchu, mmoja akapasuliwa ulimi kama wa nyoka. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikataa utetezi wa ridhaa, na 2019 akafungwa miezi arobaini. Naona walikuwa sahihi, ingawa kwa sababu yangu mwenyewe: mteja aliridhia kukatwa na mtu ambaye hakuwa na namna ya kumweleza damu ikikataa kukauka afanye nini. Utaridhiaje usichoelezwa? Lakini tazameni, kosa hilo ni lilelile la kitanda cha karibu na dirisha.

Kuna pia hasara moja ambayo wanaolaani hawaihesabu. Aliyeumia akicheza, akijua kwamba nikiiona alama nitampigia polisi au nitawaita wenzangu waje wacheke, haji kliniki. Anakaa na homa yake nyumbani. Nimewahi kumpokea kijana aliyekaa siku nne na mkono uliokufa ganzi kwa kufungwa vibaya, akisema ameanguka kwenye ngazi. Nyumba yao haikuwa na ngazi. Nilijua, alikuwa jirani yangu.

Imebaki hukumu ya tatu ya Dokta, ya tusi kwa taaluma. Hapa Dokta ana robo ya haki, nami nitampa robo yake yote. Vile vigauni vifupi vya "nesi" vinavyouzwa kwa sherehe za mavazi huko ng'ambo vinatuumiza sisi wenye kazi. Nimeshikwa kiuno na mgonjwa aliyekuwa na dripu mkononi, akidhani ni sehemu ya huduma. Na anayekwenda kliniki ya kweli akijifanya mgonjwa ili mtumishi wa kweli amguse kwa starehe yake amemwingiza mtu mchezoni bila kumuuliza; huyo simtetei. Lakini wale wa chumbani hawajamgusa nesi yeyote. Wamegusana wao kwa wao.

Robo tatu iliyobaki siitoi, kwa sababu maigizo ya kitabibu hayakuanzia vyumbani. Paris, hospitali ya Salpêtrière, miaka ya 1880: Jean-Martin Charcot, mmoja wa waasisi wa elimu ya mishipa ya fahamu, alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wake wanawake mbele ya ukumbi uliojaa, akiwatia usingizi wa maneno ili wakakamae na kuanguka kwa mpangilio. Kuna mchoro maarufu wa André Brouillet wa mwaka 1887: mwanamke amelegea mikononi mwa msaidizi, nguo imeshuka mabegani, na safu ya wanaume wenye suti wanaandika. Freud, aliyewahi kusoma kwa Charcot, alitundika nakala yake ukutani. Hiyo iliitwa sayansi. Mwanamke yuleyule, kwa mkao uleule, akiwa chumbani na mumewe, kajichagulia taa na kajichagulia neno, ndipo inaitwa kudhalilisha taaluma.

Kuhusu lile la kwamba haya si ya kwetu, sitapoteza wino. Mwanamke yeyote wa pwani aliyekalishwa na somo wake anajua kama tulifundishwa maigizo ya chumbani au hatukufundishwa, na anajua pia kwamba hayatolewi barazani.

Juzi nilimweleza Dokta habari ya mama wa leba. Tulikuwa wawili tu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tulikuwa tunafundisha, Sista. Wangejifunzia wapi?" Nikamwambia hata mimi nilijifunza hapohapo. Akaniuliza kama kahawa ina tangawizi.

Siku ile jikoni kwa shoga yangu, viazi vilipokwisha kumenywa, alinionyesha karatasi yao. Ilikuwa ya daftari la kawaida, imekunjwa mara nne, imechorwa safu tatu kwa rula: ndiyo, labda, hapana. Mwandiko wa ndiyo ulikuwa wake na wa mumewe, umechanganyika. Kwenye ndiyo niliona "glavu, zipashwe moto kwanza," na "kunisemesha kwa ukali." Kwenye labda kulikuwa na mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu nyekundu, na maneno yaleyale yameandikwa upya kwenye hapana kwa mkono wa mume, herufi kubwakubwa za mtu asiyezoea kuandika.

"Hii ilihama lini?" nikauliza.

"Jumanne."

"Kwa nini?"

"Hata yeye hakuniuliza," alisema, akaikunja karatasi akairudisha kwenye kopo la chai. "Alichukua kalamu tu."